Mwezi Unaoua ni Machi

Dayton, Ohio, 28 Januari

Alfajiri nyuzi 14 chini ya sifuri. Theluji magotini. Mizinga miwili huko nyuma, wa kijani na wa bluu, imebaki vifuniko na nusu ya masanduku. Nimeifukulia milango kwa mkono wenye glavu. Koleo likigonga sanduku nyuki hushtuka wakaachana, na atakayeachana na wenzake kwenye baridi hii harudi tena kundini.

Mke wangu amerudi kutoka zamu ya usiku akanikuta nimepiga magoti, stetoskopu yake masikioni. "Wagonjwa wako wanaendeleaje, daktari?" Nimemjibu wanapumua. Wa kijani unavuma chini chini, mfululizo. Wa bluu ulikuwa kimya mpaka nilipougonga kwa kidole. Mvumo ukapanda, ukatulia upesi. Kundi lisilo na malkia halitulii hivyo, huendelea kulalama. Kwa hiyo malkia yupo. Ila mvumo wenyewe mdogo, na unatoka kona moja tu ya sanduku.

31 Januari

Baba mdogo kapiga simu kutoka Sikonge, Tabora. Mvua zinanyesha vizuri, miti ya muba imeanza kuchanua, mizinga yake ya magome aliyoitundika mwaka jana karibu yote imeingia nyuki. Halafu likaja swali lake la kila mwaka: "Hivi hao nyuki wako, kwa nini wasihame?"

"Wahamie wapi, baba? Huku tangu Novemba hakuna ua hata moja."

"Basi wanakula nini?"

"Walichoweka."

"Na kisipotosha?"

"Wanafia humo humo."

Akacheka kidogo. "Hao si nyuki, ni wafungwa."

Kwa mrina wa Tabora nyuki ni mgeni. Unamtundikia mzinga juu ya mti, anakuja akipenda. Maua yakiisha, au moto ukipita, anaondoka na malkia wake na hakuna anayemshtaki. Nyuki wa huku asili yao ni Ulaya, waliletwa Virginia kwa meli mwaka 1622, na kabla ya hapo walishaishi na baridi maelfu ya miaka. Hawahami, wanaweka akiba. Kundi moja hapa Ohio linatakiwa liingie majira ya baridi na asali kilo 27 hivi. Nilipomtajia Baba mdogo hesabu hiyo aliruka. "Hilo ni debe zima! Na wewe umewaachia?"

Nimewaachia.

2 Februari

Leo Wamarekani wamemtoa shimoni yule mnyama wao wa Pennsylvania, anayeitwa Phil, wakamuuliza kama baridi inaisha. Akiona kivuli chake ni wiki sita zaidi. Sikufuatilia kaona nini.

Malkia hamsubiri Phil. Mchana ukishaanza kurefuka anaanza kutaga, kidogo kidogo, theluji ikiwa bado juu ya paa. Na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Desemba kundi halina majana; nyuki wanajikusanya bonge moja, wanatetemesha misuli ya mbawa bila kuruka, wanapata joto la kuwatosha wao tu, na asali inakwenda polepole. Majana yakishaingia, katikati ya bonge lazima pawe nyuzi 34 au 35, usiku na mchana, hata nje kukiwa kunaganda. Joto lote hilo ni asali inayoungua. Januari ndiyo inayotisha kwa macho, lakini hesabu zangu nazianza leo.

9 Februari

Jirani wa kushoto, mzee mstaafu wa kiwandani, ameegemea uzio na kikombe cha kahawa akaniuliza kama nyuki wangu ni "wale wa Afrika, wauaji". Huuliza kwa heshima, kwa hiyo nami nilimjibu kwa heshima, ingawa swali hili nimeshalichoka.

Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazili, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika, akitaka nyuki wanaozalisha vizuri kwenye joto. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yalitoroka karibu na Rio Claro. Wakachanganyika na wa Kizungu waliowakuta, wakasambaa bara zima, na Oktoba 1990 wakaingia Texas. Ndio hao waliotengenezewa sinema. Kwetu ni nyuki tu. Ni wakali, ndiyo, kwa sababu wanaishi na nyegere, na binadamu mwenye moto mkononi. Lakini hawajui kukaa miezi mitano wamekumbatiana gizani, kwa hiyo wameishia kusini na hawajaweza kujenga makao huku kwenye theluji.

"Kumbe wewe umewashinda," akasema. Nimefika mbali kuliko wao, ndiyo. Sijui kama ni ushindi.

15 Februari

Jua, na nyuzi 12! Saa saba mchana mzinga wa kijani umefumuka. Wametoka mamia, wakazunguka mbele ya mlango, wakajisaidia hewani, wakarudi. Nyuki mzima hachafui nyumba yake. Huzuia haja hata miezi miwili akisubiri siku moja ya kutoka. Theluji yote mbele ya mizinga imejaa vidoa vya njano na kahawia, vingine virefu, vimetoboa theluji kidogo kwa uvuguvugu wake. Gari jeupe la jirani wa kulia nalo halikusalimika. Nimempelekea chupa ya asali kabla hajalalamika.

Wametoa na maiti. Nimekaa nikamtazama mmoja: amemshika mwenzake aliyekufa kwa miguu, akamburuta hadi ukingo wa ubao, akajaribu kuruka naye, wakaanguka wote wawili kwenye theluji. Akamwachia. Akajipangusa macho kwa miguu ya mbele, akaruka peke yake kurudi mlangoni. Kundi lenye wachukuzi wa maiti lina nguvu za ziada.

Wa bluu wametoka wachache sana. Mlango ulikuwa umezibwa na maiti, nikauchokonoa kwa waya niliokunja ncha. Kundi hili lilikuwa dogo tangu Oktoba. Utitiri wa varoa uliwakuta wale nyuki wa mwisho wa kiangazi wakiwa bado majana, na hao ndio waliotakiwa kuvuka baridi. Nyuki wa Juni huishi wiki sita. Wa Oktoba hunenepa, akafika hata miezi sita. Aliyenyonywa na utitiri utotoni hafiki. Dawa ya Desemba huua utitiri. Mwili uliokwisha kudhoofika hairudishi.

19 Februari

Mfungo umeanza. Siku fupi, swaumu nyepesi kuliko za nyumbani, ila kufuturu na theluji dirishani bado sijazoea.

Mchana nimeinua kila mzinga kwa nyuma, kidole kimoja kimoja, kupima uzito. Hakuna mizani inayoshinda mkono uliozoea. Wa kijani umekuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia: kundi kubwa, walaji wengi. Wa bluu mzito bado, na uzito huo haukunifurahisha. Walaji hawapo.

Nimefungua kifuniko cha kijani kwa muda wa pumzi chache, bila kugusa fremu. Juu ya fremu nikatandika karatasi moja ya gazeti la hapa mjini, nikamwaga sukari kavu kilo mbili, nikainyunyizia maji kidogo ishikane, nikafunga. Maji ya sukari kwa wakati huu ni kuwaua; hawawezi kuyakausha na yanaongeza unyevu. Sukari kavu kazi yake mbili, chakula na kunyonya mvuke. Maana asali ikiliwa inatoa mvuke, mvuke ukigonga kifuniko baridi unageuka matone, na matone yakiwadondokea nyuki yanaua kuliko baridi yenyewe. Ndiyo maana juu nimewawekea kisanduku cha maranda ya mbao.

Wa bluu nao nimewapa. Nimeona migongo yao kati ya fremu mbili tu.

23 Februari

Theluji tena. Hakuna la kufanya.

1 Machi

Jumapili ya jua baridi. Nimekwenda makaburi ya Woodland, kilimani, kumzuru Langstroth. Wageni huenda pale kwa ajili ya ndugu wawili Wright wa ndege, na wengine kwa ajili ya Paul Laurence Dunbar mshairi. Kwa mchungaji wa nyuki sikumkuta mtu.

Kila nikitaka kufungua mzinga, namkumbuka huyu. Kabla yake sega lilikuwa linashikamana na kuta za mzinga. Kuona ndani ni kukata. Mwaka 1851 huko Philadelphia aligundua kwamba ukiacha upenyo wa milimita 6 hadi 9 hivi, nyuki hupaacha wazi wapitie. Pakiwa pembamba zaidi hupaziba kwa gundi, pakiwa papana zaidi hujenga sega. Akazungushia fremu upenyo huo pande zote, na fremu ikawa inainuka kwa mkono na kurudi mahali pake. Ni hayo tu. Hataza akaipata mwaka 1852, kitabu akakichapisha 1853, na watu wakamwiga mizinga bila kumlipa. Akahamia Oxford, hapa hapa Ohio, mwaka 1858. Maisha yake yote alikuwa na vipindi vya huzuni nzito vilivyomlaza miezi. Mwaka 1895 alikuwa Dayton, akasimama kanisani kuhubiri, akafariki pale pale.

Mwingine wa nyuki na Ohio: A. I. Root wa Medina, aliyekuwa anatengeneza vifaa vya ufugaji. Septemba 1904 alikuwepo uwanjani hapa Dayton ndege ya akina Wright ilipozunguka duara kamili kwa mara ya kwanza, akaandika alichokiona kwenye gazeti lake la nyuki, Januari 1905. Magazeti makubwa yalikuwa bado yanabisha. Mimi naona haki: mtu aliyezoea kukaa kimya akitazama kitu kinaruka ndiye aliyefaa kushuhudia.

Nimesimama kaburini nikajisemea, mzee, umetupa uwezo wa kufungua, na mwezi huu busara yote ni kutofungua.

9 Machi

Saa zimesogezwa mbele, futari imeruka lisaa lizima. Nyuzi 17. Miti ya mepo ya barabarani imetoa vijiua vyekundu, vidogo mno, mpitanjia havioni. Nyuki wa kijani wameviona. Nimelala kifudifudi mbele ya mlango nikiwaangalia wakitua: miguuni vibonge vya chavua ya kijani-kijivu, kama unga wa ulezi uliokandwa. Wengine vyao vya rangi ya chungwa, hao wametoka kwa jirani, kwenye yale maua ya chini ambayo ni ndugu za zafarani. Wakitua mizigo inawaelemea, wanapumzika ubaoni tumbo likipanda na kushuka, ndipo wanaingia. Chavua ni chakula cha majana. Kuiona inaingia ni kujua kwamba mle ndani malkia anafanya kazi.

Bluu: nyuki watatu wenye chavua katika muda niliokaa. Lakini watatu ni dalili kwamba wanalea.

Watu wote mtaani wanatabasamu. Jirani wa kushoto ameshafunika koleo lake la theluji. Mimi ndipo wasiwasi unaniingia. Wale wazee wa Oktoba wanakufa sasa, kwa umri. Wanaozaliwa huchukua siku 21 tangu yai hadi kutoka. Wazee wanaondoka kabla vijana hawajatosha, majana yamejaa, na ghala liko mwisho. Makundi mengi hufia hapa, siyo Januari.

13 Machi

Baridi imerudi. Nyuzi 9 chini ya sifuri, na upepo. Vijiua vya mepo vimeungua vyote. Nimewaongezea wa kijani sukari jioni kabla ya upepo kuanza, karatasi ya kwanza walikuwa wameshaitafuna yote.

17 Machi

Bluu wamekufa.

Nimegonga, kimya. Nikasikiliza, kimya. Nikafungua kifuniko na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nikainua fremu. Walikuwa kwenye fremu mbili, bonge la ukubwa wa chungwa, na kila mmoja kichwa ndani ya kitundu cha sega, makalio nje. Ndivyo wanavyokufa kwa njaa: wanalamba chini kabisa ya kitundu kikavu, nguvu zinawaishia humo humo. Nikampangusa mmoja akaanguka, ulimi nje. Chini yao, kiganja kimoja cha majana yaliyozibwa, yamepoa. Malkia nimemkuta katikati, alama yake ya rangi mgongoni bado inang'aa.

Fremu ya tatu, upana wa vidole vinne kutoka pale, ilikuwa imejaa asali. Imezibwa kwa nta, haijaguswa. Na juu yao sukari.

Walikuwa wachache mno. Bonge dogo likiwa na majana, kwenye baridi, halisogei. Likisogea majana yanaganda. Wakabaki kuyafunika. Siku tatu za baridi zilitosha.

Nilimpigia Baba mdogo baadaye. Nikamweleza kuhusu zile fremu, zile sentimita chache. Akanyamaza muda, nikadhani mtandao umekatika. "Wa kwetu wangeacha watoto wakaenda," akasema. Halafu akaniuliza nta ya hayo masega nitaiuza bei gani.

18 Machi

Kabla ya kuwapa kijani asali ile lazima nijue haina ugonjwa. Nimetoboa vifuniko vya majana kumi na kitu, nikachovya kijiti cha kiberiti ndani na kukivuta taratibu. Ikiwa ni ule uozo mbaya wa majana, kunatoka uzi wa kamasi wa kahawia, na fremu zote ni za kuchomwa moto. Hakikutoka kitu. Majana yamekauka yakiwa meupe, ni baridi tu. Harufu safi.

Nimepangusa maiti kwa brashi, fremu mbili za kati nimezitenga kwa kuyeyusha, nyingine nimeziweka gereji, nimezifunga zisiingie panya.

20 Machi

Idi. Baada ya sala rafiki yangu wa Uvira amenishika mkono mlangoni mwa msikiti. "Kaka, nyuki zako ziko salama?" Nimemwambia nusu. Akasema kwao nako milimani nyuki zinateseka na mvua ya mawe. Anataka asali ya kumpa mama yake, mwenye kikohozi. Nimemwahidi chupa moja ya mwaka jana, ya mwisho niliyoibakiza. Mtoto wake mkubwa, aliyehifadhi juzuu kadhaa, amenikumbusha kwamba Sura ya 16 inaitwa kwa jina la nyuki. Nilikuwa nalijua hilo, lakini sikumkatiza.

28 Machi

Mvua siku nzima, nyuzi 6. Kijani hawakutoka.

4 Aprili

Maua ya njano yamejaa kwenye nyasi. Jirani wa kulia, mwenye gari jeupe, ameleta tangi la dawa mgongoni kuyaua. Nikamfuata, nikamwomba asubiri mpaka yafunge. Akauliza yana faida gani. Nikamwonyesha nyuki mmoja aliyejipaka chavua mwili mzima hadi machoni. Ameweka tangi chini, amesema nina wiki mbili.

11 Aprili

Nyuzi 19, hakuna upepo. Siku yenyewe ya kufungua.

Moshi kidogo mlangoni, kifuniko, kisanduku cha maranda, karatasi yenye mabaki ya sukari iliyogeuka jiwe. Fremu ya kwanza ilikuwa imegandishwa kwa gundi, ikatoa mlio ilipoachia. Ya tatu ndiyo iliyonifanya nikae chini: majana kutoka ukingo hadi ukingo, yamezibwa vizuri, hakuna matundu yaliyorukwa, na pembeni mayai, kila moja limesimama wima katikati ya kitundu chake. Fremu saba zina majana. Kwenye ya sita pembeni kuna vifuniko vilivyobenuka, hao ni madume, nao huchukua siku 24. Kundi halilei madume mpaka lijione tajiri. Malkia sikumtafuta, mayai yamesimama, alipita hapo ndani ya siku moja hivi. Nimewapa fremu mbili za asali ya wale wa bluu, moja kila upande wa majana, na ndani ya dakika chache walikuwa wameshaanza kukwangua nta.

Wakiendelea hivi, mwisho wa mwezi watajaa hadi mlangoni na kuanza kufikiria kugawanyika. Ni afadhali niwagawe mimi. Fremu nne zenye mayai na nyuki zinaingia kwenye sanduku la bluu, malkia abaki kijani. Wasio na malkia watachagua jana moja changa, walilishe, na siku 16 tangu yai malkia mpya awe ametoka. Ukiongeza za kupandwa na kuanza kutaga, ni mwezi. Madume yatakuwa tayari wakati huo.

Kwa hiyo sihitaji kununua. Nilikuwa nimeagiza kundi kutoka Georgia tangu Januari, kilo moja na nusu ya nyuki na malkia wake kwenye kisanduku kidogo, zaidi ya dola 150. Nimempigia muuzaji kufuta oda. Amesema hakuna shida, ana orodha ya watu waliopoteza mizinga Machi na wanasubiri. Amana yangu hairudi.